Karantini ya Miche Kule Sibwesa

Nyie mnaoanza kazi ya vitalu msimu huu, kwanza niwatoe wasiwasi: mche hauna kinyongo na mtu. Mimi nilichelewa kuamini hilo. Ukiamka ukakuta nusu ya tuta imelala chini, unajiona umetukanwa kabisa. Unaanza kuuliza nani kapita hapa, nani kaangalia vibaya, nani jana hakusalimia. Hakuna mtu. Kuna udongo na maji, na mara nyingi kuna mkono wako mwenyewe uliotaka kusaidia kupita kiasi.

Sasa nimestaafu. Sikufanyiwa sherehe, kwa sababu hakuna ofisi iliyowahi kuniajiri. Ni magoti yaliyonipa barua. Nakaa hapa Ilembo kwa mtoto wa dada yangu. Asubuhi nikisikia keni za kumwagilia zinagongana kwa jirani, nageukia ukutani na kuvuta shuka. Raha hiyo sikuijua tangu usichana. Miaka yote nilikuwa mtunza vitalu vya tumbaku wa kuitwa. Mwenye shamba ananiagizia, naenda, nakaa mpaka miche ihamie shambani, halafu na mimi nahama. Nilizaliwa Usevya, kwenye mpunga, na shule niliiacha darasa la tano. Akili nilikuwa nayo, ila sikuwa na makalio ya kukalia dawati. Nikisikia kuna mahali udongo ni mwekundu kama damu ya kuku, naenda kuuona. Nikisikia kuna mto unaotiririka kiangazi chote, nadandia lori la mpunga nikauangalie. Watu waliuliza natafuta nini. Mpaka leo sijui, lakini njiani niliokota kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Malaki, Mkonongo mmoja mfupi aliyekuwa na vitalu kando ya kijito. Siku ya kwanza alinimiminia mbegu ya tumbaku kiganjani. Kama hamjawahi kuiona, mbegu ile ni vumbi la ugoro. Kijiko cha chai kinatosha kumaliza tuta zima. Nikaisogeza karibu na macho niione vizuri, nikapiga chafya. Nikafumbua macho, kiganja kitupu. Mzee akatazama hewani, akatazama kiganja, akasema, "Umeshapanda, binti. Sasa tungoje mvua ituteremshie miche." Hakunifukuza. Alinifundisha kuchanganya mbegu na majivu, au kuitia ndani ya keni yenye maji na kumwagilia tuta kwa mkono usiosita, ili ianguke kwa usawa. Na alinifundisha kufunga mdomo kwa kitambaa.

Jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa juu ya neno moja. Huku kwetu mche ukinyong'onyea tunasema umelala. Neno zuri, lakini limeua miche mingi kuliko panzi. Kwa sababu mche mzima nao hulala. Jua la mchana likiwaka, majani yanalegea, ukija jioni yamesimama kama askari. Mche wenye kinyausi nao unalala, na wewe unasema vilevile, umelala, utaamka. Hauamki. Kinyausi ni ugonjwa wa udongoni. Unaushika mche ukiwa mdogo, pale shingoni unapotokea ardhini. Shingo inalowa, inakuwa ya kahawia, inasinyaa kama uzi, na mche unaanguka huku majani yake bado ya kijani. Halafu unaanguka wa jirani yake, na wa jirani ya jirani, mpaka tuta linapata vipara.

Mzee Malaki alikuwa akisema, "Usimuulize mche saa saba mchana. Hata mimi saa saba nimelala. Muulize alfajiri." Basi alfajiri ndiyo saa ya kazi yetu. Aliyelala alfajiri, mguse taratibu kwa vidole viwili na umvute. Akikatika shingoni, umeshajua. Usimpe maji. Nawaomba, usimpe maji.

Zamani tulichoma tuta kabla ya kupanda. Tulilundika matawi makavu na mabua ya mahindi juu yake, tukawasha, na moto ukala vijidudu na mbegu za magugu pamoja. Baadaye ikaja dawa ya kufukiza udongo, tukatupa mabua tukafunika matuta kwa nailoni. Nyie leo mna trei za plastiki na pumba za mpunga zilizochomwa, na sikatai, ni kazi safi, mgongo unapumzika. Lakini msifikiri kinyausi hakijui kupanda trei. Kikikuta maji yaliyotuama, miche iliyobanana na kivuli kisicho na upepo, kinakaa kwa raha kama mgeni aliyekuta ugali umeiva.

Nilitaka kuwasimulia habari ya Sibwesa, maana huko ndiko nilikoona kinyausi kikishindwa kwa njia ambayo hata Mzee Malaki hakuwahi kunifundisha.

Aliyeniita alikuwa Mzee Masanja, Msukuma. Alishuka na ng'ombe wake kutoka Usukumani miaka mingi kabla, akahamia, akahama, akahamia tena, mpaka akafika Sibwesa. Hakuwa amewahi kulima tumbaku. Aliona majirani wanajenga mabani ya kukaushia, akasema na yeye atajaribu. Nilipofika, mbegu ilikuwa imeshaota, na tayari kulikuwa na vipara kwenye tuta la mwisho, upande wa bondeni.

Nikatazama kile kitalu nikakaa chini. Sijawahi kuona miche iliyopendwa namna ile. Walikuwa wameweka samadi mbichi kutoka zizini, nene kama godoro. Walipanda mbegu mara mbili ya inayotakiwa, na mche ulisimama begani kwa mche. Juu walijenga kichanja cha nyasi nzito hata nzi asingeliona jua. Na walimwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa maji ya lambo ambalo ng'ombe waliingia mpaka kifuani.

Aliyemwagilia ni Kabula, mke wa mtoto wa kwanza wa mzee. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe, kwenye malisho ya kiangazi. Kabula alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kazi na sauti ndogo, na mbele ya baba mkwe wake sauti yenyewe ilipotea kabisa. Alipiga goti akisalimia, akapita pembeni macho chini, kama desturi yao inavyotaka. Jikoni tukiwa wawili ndipo alipoongea.

"Shangazi," akaniambia, "nimeona mwenyewe. Nikimwagilia sana ndiyo wanazidi kuanguka. Lakini nitamwambiaje baba? Yeye kasema maji, mimi natia maji."

Nikamwambia nitasema mimi. Akaendelea kupepeta mchele kidogo, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Miche hii ikifa tunahama. Amesema ardhi iliyokataa mche itakataa na mtu. Wameshataja na sehemu ya kwenda." Akanionyesha kwa mdomo mtoto wake wa kike aliyekuwa anafua sare mlangoni. "Huyu ni mara ya kwanza kuanza mwaka na kuumaliza shule ileile. Mimi nimechoka kufungasha masufuria, shangazi."

Mimi niliyemsikiliza nilikuwa na begi moja maisha yangu yote, na kufungasha kwangu kulikuwa sukari. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anaota kubaki kama mimi nilivyoota kuondoka. Nilianza kuitazama ile miche kwa macho mengine.

Asubuhi nikamwendea mzee. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na zizi, fimbo magotini. Nikamweleza kwa heshima: tupunguze maji, tufungue kivuli, tung'oe miche mingine ili iliyobaki ipate hewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mstaarabu. Halafu akauliza, "Mayo, ndama akilala chini, wewe unamnyima maji?"

Mayo kwao ni mama, na aliniita hivyo ingawa alinizidi umri. Nikamwambia mche si ndama.

"Ni mtoto," akasema. "Kitu kichanga kikilala unakipa maji, unakifunika, unakiweka karibu na wenzake kipate joto. Na unaniambia niking'oe kilicho kizima. Ndama wakizaliwa wengi, unachinja wengine ili waliobaki wapate nafasi?"

Sasa umwambie nini mtu wa namna hiyo? Kila alilofanya kwenye kitalu lilikuwa sahihi kabisa, ila lilikuwa sahihi zizini. Nilirudi nikiwa nimeshindwa, na mchana huo Kabula akamwagilia tena. Alfajiri iliyofuata vipara vilikuwa vimekutana, na tuta la pili kutoka mwisho lilikuwa limeanza.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Jioni, badala ya kumrudia na hoja zangu, nikaenda kukaa naye ng'ombe wakiingia, nikamuuliza mambo ya ng'ombe, kwa sababu kweli nilitaka kujua. Huyu mwenye pembe moja kapatwa na nini? Yule mnamwitaje? Akafurahi. Wazee wenye ng'ombe wakiulizwa majina, hamwondoki leo. Tukafika kwenye habari ya maradhi yaliyowakuta njiani, walipokuwa wanapita upande wa Inyonga. Kundi zima lilitaka kuisha, akasema, lakini liliokoka. Nikamuuliza liliokokaje.

"Tuliweka karantini."

Nikamwambia anieleze karantini inavyowekwa. Akaeleza huku fimbo ikichora chini. Wagonjwa unawatenga. Hawanywi maji pamoja na wazima. Zizi lao la zamani unalichoma. Mtu aliyetoka kwa wagonjwa haingii kwa wazima mpaka anawe miguu. Na wageni hawaingii, hata awe shemeji.

"Kwa hiyo unatenga walioanguka tu," nikasema.

Akacheka kama mtu anayemcheka mtoto. "Mayo, ukitenga walioanguka tu umechelewa. Unatenga na waliolala karibu nao. Aliyelala ubavuni kwa mgonjwa ni mgonjwa, ila yeye bado hajaambiwa."

Fimbo ikaacha kuchora. Mimi sikuongeza neno, na nyie siku moja mkiwa na hoja nzuri mdomoni, jaribuni kuimeza muone. Mzee akainuka bila kuniaga, akaenda kitaluni, akakunja ile miguu yake mirefu kwenye tuta la pili, kwenye ukingo wa kipara, na kushika mche uliokuwa bado umesimama. Nilikuwa nyuma yake.

"Huyu," akauliza taratibu, "alilala na nani?"

"Na hao walioanguka, mzee."

Akaung'oa. Akaugeuza, akatazama shingo. Kulikuwa na alama ndogo ya kahawia, kama mche umevaa uzi. Akanipa niushike, akaita kwa sauti iliyomtoa Kabula jikoni mbio: hakuna maji leo, na keni ya tuta la mwisho isiguse tuta lingine.

Tulifanya kazi mpaka giza likaingia, tukaendelea kulipokucha. Tuling'oa wagonjwa na majirani zao, upana wa kiganja kuzunguka kila kipara, pamoja na udongo wake, tukautia kwenye ndoo na kuupeleka mbali upande wa chini, tukauchoma. Watu wengi hukosea hapo. Wanang'oa vizuri, halafu wanatupa miche yenye ugonjwa kijitoni wanakochota maji. Tulifungua kichanja ili jua la asubuhi liingie. Tulipunguza miche, na kila mche mzima uliong'olewa mzee aligeuza uso. Maji Kabula alikwenda kuchota kwenye kijito juu ya lambo, ambako ng'ombe hawakufika, na alimwagilia asubuhi tu, tena pale udongo wa juu ulipoanza kukauka ukiuminya kwa vidole.

Karantini ikawekwa, nanyi hamjawahi kuona karantini kama ile. Mzee alizungushia kitalu matawi ya miiba kama boma. Akaweka mlango mmoja na majivu mlangoni, na kila anayeingia akanyage majivu. Kigoda chake kikahamia hapo. Jirani mmoja, mama wa Kifipa aliyezoea kuja kuomba miche ya kuzibia mapengo yake, alikuta fimbo imekingama. "Kuna karantini, mayo," mzee akamwambia kwa upole. Mama yule akageuka mbio.

Kwa sababu neno hilo, kwa mfugaji, lina maana moja tu. Ilipofika gulioni, habari ilikuwa kwamba ng'ombe wa Masanja wanaumwa miguu na midomo. Watu wakaacha kununua maziwa kwake. Kesho yake pikipiki ikaingia kwa vumbi, juu yake afisa mifugo na boksi lake la dawa, uso umekunjamana kwa wasiwasi, maana mifugo yote ya eneo lile ingeweza kufungiwa. Akauliza wagonjwa wako wapi. Mzee akamwambia akanyage majivu kwanza. Akakanyaga. Akapelekwa mpaka kwenye tuta.

Yule kijana alitazama tuta, akamtazama mzee, akanitazama mimi. Halafu akachuchumaa. "Mzee wangu," akasema, "ng'ombe wako wa safari hii wamekuwa wadogo sana." Tulicheka mpaka Kabula, aliyekuwa ng'ambo ya miiba, akajisahau akacheka kwa sauti mbele ya mkwe wake, na mkwe akajifanya hajasikia. Afisa hakukasirika hata kidogo. Alisema angependa kila kitalu kiwekewe mlango namna ile, akanywa maziwa, akaondoka kwenda kuwatuliza watu gulioni. Nilimpenda kijana yule kwa namna alivyoshusha pumzi alipoona hakuna ng'ombe anayeumwa.

Lakini bado hatukuwa tumepona. Kung'oa ni siku moja. Kungoja ndiko kunakokula mtu. Alfajiri ya kwanza wakaanguka wachache ukingoni, tukawatoa. Alfajiri iliyofuata wachache tena. Kabula alikuwa anaamka kabla yangu, namkuta amesimama nje ya miiba hataki kuingia, eti mpaka mimi nitangulie. Masufuria makubwa, yale ya safari, niliona ameyatoa darini na kuyaosha. Hakuniambia kwa nini na sikumuuliza, ingawa mnajua ninavyouliza.

Halafu ikaja alfajiri moja yenye ubaridi. Niliingia, nikapita tuta la kwanza, la pili, nikaenda mpaka la mwisho nimeinama. Nikarudi tena, maana sikujiamini. Hakuna aliyelala. Vipara vilikuwepo, vikavu, vimekaa kama vilivyokaa jana, na ukingoni miche ilisimama, midogo, migumu, imeshaanza kuwa na shina. Nilimwita Kabula aingie. Akakanyaga majivu, akainama, akagusa mmoja kwa vidole viwili kama nilivyomwonyesha. Mche ukakataa kung'oka. Akagusa mwingine. Akakaa palepale chini kwenye njia ya katikati ya matuta, na mimi nikakaa karibu yake. Jua lilipochomoza lilitukuta bado tumekaa.

Miche ilipona kiasi cha kutosha shamba lao, na ikabaki ya kumpa yule mama wa Kifipa, safari hii ikiwa mizima. Mvua ziliponyesha tukaihamishia shambani. Mzee alisimama kichwani mwa kila mstari akihesabu kimoyomoyo kama anavyohesabu ng'ombe mlangoni, kisha akasema ya kwamba wote wamefika.

Kazi yangu ikawa imekwisha. Nilikuwa nimesikia kuna watu wanatengeneza vitalu vya nyanya upande mwingine na miguu ilishaanza kuwasha. Mzee akasema atanisindikiza mpaka barabarani mwenyewe, heshima kubwa hiyo. Tukatembea, yeye mbele na fimbo, mimi katikati, Kabula nyuma amebeba begi langu kichwani. Mzee alizungumza juu ya mvua, juu ya nyasi, juu ya yule ng'ombe wa pembe moja. Tulipoona barabara alisimama akakohoa.

"Mayo, wewe umezunguka sana mkoa huu. Wale wanaofyatua matofali ya nyumba yanayochomwa yakaiva vizuri, siyo haya ya kupasuka, umewaona wapi?"

Nikaanza kumwelekeza. Nilikuwa katikati ya maelezo nilipogundua kwamba nyayo za nyuma yetu hazisikiki tena. Nikageuka. Kabula alikuwa ameshusha begi langu chini, katikati ya njia, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge ili asicheke mbele ya mkwe wake, na mabega yalikuwa yanamtikisika.